Fotokopi ya Sheria ya Watoto 2022: nimeitumia miezi minne, haya ndiyo maoni yangu

Watu hutoa maoni ya simu, ya blenda, ya magodoro, mimi leo natoa maoni ya karatasi. Bidhaa yenyewe ni Sheria ya Watoto ya Kenya, namba 29 ya mwaka 2022, imetolewa fotokopi na kubaindiwa na spairo pale River Road, plastiki juu, kadibodi ya bluu chini. Nimekaa nayo miezi minne. Imeingia kituo cha polisi, imeingia ofisi ya afisa wa watoto, imelala wiki mbili kwa begi la nepi la jirani, na saa hii iko juu ya friji yangu hapa Kayole na doa la mafuta kwa peji za kati. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu nitaeleza huko chini.

Tuanze na bei juu najua ndiyo mnataka. Saiba ya mtaa walinichaji 10 bob kila peji, na usiku ule sikuwa na nguvu ya kubishana, nikaprinti peji 22 tu, 220 ikaenda hivyo. Baadaye akili ikiwa imetulia nikashuka tao, River Road kazi kubwa wanakufanyia 3 bob, spairo 100, yote ikanitoka kama 600 hivi. Kama uko na bandozi si lazima ulipe chochote, tovuti ya Kenya Law wameiweka bure kabisa unaipakua tu. Lakini sikiliza mimi: ukiingia kituoni na simu mkononi ukisema ati nisome hapa, utaambiwa zima simu mama. Karatasi hakuna mtu amewahi kuniambia nizime.

Angalia kitu kimoja kabla utoe pesa. Kijana wa kwanza pale River Road alinitolea ile ya 2001, imekaa kwa rafu mpaka imekuwa rangi ya chai ya mkandaa, na anaapa ni ileile wamebadilisha kava tu. Si ileile! Ya 2001 ilifutwa, hii mpya ilianza kazi Julai 2022. Wakati wa ile ya zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa, hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Kanuni ya Adhabu. Miaka minane jameni, huyo ni mtoto bado anang'oka meno ya maziwa. Saa hii ni 12. Kuna na karatasi fulani ya peji mbili inazungukanga kwa magrupu ya WhatsApp, ati muhtasari wa haki za mtoto, bado imeandika nane. Ifute.

Sasa venye niliijaribu.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni hivi, nakaanga viazi karai zangu kwa steji, mtoto wa jirani anakuja mbio ananiambia anti, wamembeba. Kumbeba nani? Kijana wa dada yangu. Miaka 13, gredi ya 8, ana urefu wa babake kwa hivyo ukimwona kwa mbali utafikiri ni kondakta. Sitawadanganya, hakuwa malaika. Alipatikana ameshika saidi mira ya Probox, wale wakubwa wawili waliokuwa wanafungua walitoroka wakamwachia mzigo, na yeye kwa ujinga wake akasimama nayo kama mtu anauza. Wenye gari walishaanza kumpiga. Nashukuru polisi walifika mapema, hiyo lazima niseme, juu Nairobi tunajua mambo ya umati yanaishaje.

Dada yangu yuko kazi ya usiku Industrial Area, simu haishiki. Nikazima jiko nikaenda. Kituo sitakitaja, kiko huku Eastlands, mnaweza kukisia na mtakosea. Nikafika dawati, nikasalimia vizuri, afande habari ya jioni, akaniambia nzuri mathe, nikauliza kijana, akafungua kile kitabu cha OB, cha kuandikia matukio ya kituo, akasoma: mwanaume, miaka 18, wizi. Nikasema afande huyu ni wa 13. Akaniangalia akacheka kidogo, si kwa ubaya, ile kicheko ya mtu amechoka. "Mathe, huyo ni mtu mzima, amenizidi urefu. Jumatatu mtamwona kortini." Na alikuwa ndani, seli moja na wanaume wazima, mmoja wao mlevi anaimba.

Kwa wale hamjui, Ijumaa jioni ndiyo wakati mbaya zaidi wa kushikwa. Katiba inasema mtu afikishwe kortini ndani ya masaa 24, sawa, lakini ikiwa hayo masaa yanaishia siku ambayo korti imefungwa basi ni mpaka siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo Ijumaa inazaa Jumatatu. Siku tatu mtoto analala kwa simiti na watu hawajui hata jina lake.

Nikatoka nje nikapiga 116, namba ya msaada kwa watoto. Hiyo namba niliijua juu ilikuwa imechorwa kwa ukuta wa shule, ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana, na kwa kweli sikutarajia mtu ashike. Dada mmoja akashika. Hakunipa pole ndefu. Aliniuliza ana miaka mingapi, una kitu cha kuonyesha umri, afisa wa watoto ameambiwa? Akaniambia leta cheti cha kuzaliwa na utafute kifungu cha 221. Hapo tu. Nyota tano kwa huyo dada, ingawa hii si maoni ya simu.

Cheti kilikuwa kwa sanduku la dada yangu chini ya kitanda, ndani ya ile bahasha ya kaki ambayo kila mama Nairobi anayo, kadi ya kliniki, risiti za fee, picha ya pasipoti ya 2015. Nikachukua cheti na kadi ya kliniki pamoja. Halafu saiba, peji 22, saa mbili na nusu usiku niko tena kwa dawati.

Hapa ndipo bidhaa ilifanya kazi, wacha nieleze pole pole juu ndiyo sehemu watu wananiulizanga. Sikupiga kelele. Sikusema najua haki zangu, hiyo maneno inachoma watu. Niliweka cheti kwa dawati, nikaweka peji juu yake, nilikuwa nimeshapiga mstari wa biro nyekundu, nikasema "afande, naomba unisaidie kusoma hapa, mimi Kizungu changu ni cha soko." Akasoma na kidole. Akarudia. Akaita mwenzake wa ndani. Yule wa ndani akasoma amesimama, akauliza hii umetoa wapi, nikamwambia saiba, akasema sawa. Hakuna mtu aliomba msamaha, lakini walifungua OB wakaandika upya 13, wakamtoa seli, wakamkalisha kwa benchi nyuma ya dawati, na yule yule afande akamtafutia sweta. Asubuhi dada yangu alitoka kazi akaja moja kwa moja na yunifomu akasaini bondi, hakulipa hata shilingi, tukaenda na yeye nyumbani tukiambiwa Jumatatu turudi kuonana na afisa wa watoto.

Kifungu chenyewe kinasema nini? Nikiweka kwa maneno yetu: chini ya miaka 12, mtoto hawezi kubeba kosa la jinai, mwisho wa maneno. Kuanzia 12 hadi hajafika 14, sheria inamchukua kama hajui kutofautisha jema na baya, na ukitaka kusema anajua, ni wewe unayeshtaki ulete ushahidi korti ikubali, si yeye ajitetee. Wetu ni 13 kwa hivyo alikuwa hapo katikati. Hizo mistari ni fupi kuliko risiti ya supamaketi. Lakini kwenye OB ikiandikwa 18, hakuna hata moja inayomgusa, mtoto ameshapotea kwa makaratasi ya watu wazima na hiyo ndiyo njia wengi hupotelea. Kwa hivyo nikisema fotokopi ilifanya kazi, nusu ya kazi ilifanywa na cheti cha kuzaliwa. Nunueni hizo mbili pamoja kama sufuria na kifuniko.

Baba mmoja tulikutana naye hiyo Jumatatu hakuwa na cheti, kijana alizaliwa nyumbani kwa shosho wake, akatumwa hospitali wampime umri. Wanaangalianga meno na mifupa. Siku nzima hiyo, na wanakupa makadirio.

Tukiwa hapo kwa benchi, na hiyo benchi ilikuwa ndefu siku hiyo, alikuja wakili mmoja msichana mdogo wa kujitolea, ana begi mgongoni kama mwanafunzi, akaona spairo yangu (nilikuwa tayari nimepitia River Road asubuhi hiyo, mnijue) akacheka akasema mama wewe ni kama Jebb. Nikauliza Jebb ni nani, ni mtu wa Kayole? Akakaa akatuhadithia, na sisi tulikuwa na wakati.

Eglantyne Jebb alikuwa Mwingereza. 1919, vita vya kwanza vya dunia vimeisha lakini chakula bado kinazuiwa kuingia Ujerumani na Austria, watoto huko wamekonda mpaka vichwa vinaonekana vikubwa kuliko mwili. Jebb akaprinti karatasi zenye picha ya mtoto kama huyo akaenda kuzigawa Trafalgar Square, London. Akashikwa! Kosa ni kwamba hizo karatasi hazikuwa zimepitishwa na wakaguzi wa serikali. Kortini akajitetea mwenyewe, akapatikana na hatia, faini pauni 5. Na mwendesha mashtaka, yule aliyekuwa anamshtaki, ndiye akatoa pauni 5 akampa, zikaenda kwa mfuko wa kulisha watoto ambao yeye na dadake Dorothy Buxton walizindua mwezi huohuo wa Mei, ndiyo hii Save the Children mnaionanga kwa magari huko Turkana. Na mjue huyu mama hakuwa na mtoto wake, alifundisha shule kidogo akashindwa akaacha, si mtu wa kubembeleza watoto hata kidogo. Hiyo ilinifurahisha, mimi pia watoto wa watu wananichosha.

Halafu 1923 akaandika tamko la haki za mtoto, pointi tano tu, linatoshea kwa karatasi moja, na 1924 Shirikisho la Mataifa huko Geneva likalipitisha. Wakili alikuwa nalo kwa simu akatusomea ya pili akitafsiri: mtoto mwenye njaa alishwe, mgonjwa atibiwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, yatima na asiye na makao apewe makao. Nikamwambia rudia hapo kwa aliyepotoka. Akarudia. Imewekwa kwa mstari mmoja na mwenye njaa na mgonjwa, si mstari wa wezi. Nikamwangalia huyu wetu wa saidi mira, anakula mandazi, ana crumbs mpaka kwa pua, nikanyamaza.

Kutoka hapo ndiyo ikaenda ikapanuka, Umoja wa Mataifa ukaja na tamko lake 1959, halafu mkataba wenyewe wa 1989 wenye vifungu 54, Kenya ikauridhia 1990 na wengi wetu hatukusikia kitu. Ikachukua mpaka 2001 kupata sheria ya hapa nyumbani, na Katiba ya 2010 kifungu cha 53 ikaweka wazi kwamba mtoto asizuiliwe ila imeshindikana kabisa njia nyingine, iwe muda mfupi, na atengwe na watu wazima. Hii ya 2022 ndiyo imekuja kufungua hayo maneno. Wakili alitaja pia Jaji Martha Koome, kwamba kabla awe Jaji Mkuu 2021 alikuwa ameongoza ile kamati maalumu ya mambo ya watoto iliyoundwa 2016. Hapo nilikuwa nimeanza kusinzia, nakiri.

Sasa daivasheni, ambayo kwangu ndiyo sehemu bora ya kitabu hiki na hakuna mtu huizungumzia. Zamani mtoto akishikwa ilikuwa ni korti, halafu labda Kabete, ile shule ya kurekebisha watoto. Sisi tulikua tukitishwa na Kabete, ukikataa kuosha vyombo unaambiwa utapelekwa Kabete ukutane na wenzako. Kwa hii sheria mpya kesi inaweza kutolewa kwa njia ya korti kabla hata haijaanza, mtoto akikubali kwamba alikosea bila kulazimishwa na mzazi akikubali pia. Mwendesha mashtaka anapitia, afisa wa watoto anaandika ripoti, mnakaa chini. Huyu wetu alikaa mbele ya mwenye Probox. Mzee alikuja amekasirika, na ana haki, ile mira si bei rahisi. Kijana aliambiwa aseme mwenyewe alichofanya, akaanza kulia, akasema, mzee akamuuliza "kama ni babako ameamka asubuhi kwenda kazi akakuta gari haina mira ungefanya nini?" akasema hana baba. Mzee alinyamaza kitambo. Tukakubaliana familia ilipe 1,500, kijana aoshe ile gari Jumamosi nne, na awe anaripoti kwa afisa wa watoto mara moja kwa mwezi. Jumamosi ya nne imepita kitambo na bado anaenda kuosha, siku hizi analipwa soo mbili.

Hakuna rekodi ya korti. Hakuna jina la mshtakiwa. Hata ingefika korti, mtoto hanyongwi na hatupwi jela, na mahakama ya watoto haiendeshwi kama zile zingine, watu wa nje hawajazani ndani kusikiliza umbea.

Malalamiko sasa. Ile nyota moja.

Kwanza ni Kizungu tupu, tena si Kizungu cha redio, ni kile cha wanasheria, sentensi inaanza peji hii inaishia ile ingine na ukifika mwisho umesahau ni nani alikuwa anafanya nini. Katiba yenyewe ipo ya Kiswahili, niliiona kwa macho yangu, sasa hii ambayo inahitajika na mama wa viazi saa mbili usiku ndiyo tumepewa hivi? Ningelikuwa sina mtoto wangu wa sekondari wa kunisaidia kwa simu ningepiga mstari mahali pa vifungu vya kuasili watoto sijui. Pili, maandishi ni madogo na fotokopi ya River Road hufifia ukikunja. Mpangilio ni mzuri lakini, mwanzoni kuna orodha ya vifungu vyote kwa namba, anza hapo, usisome kama hadithi.

Tatu, na hii si kosa la karatasi labda, haisemi nauli. Haisemi siku nne nilizofunga biashara, haisemi dada yangu kukatwa mshahara kwa kukosa kazi siku mbili. Yule baba mwenzetu wa benchi, wa hospitali, alitembea kwa mguu kutoka huko Mukuru. Sheria yake ni sawa na yangu, peji kwa peji.

Matumizi mengine: jirani yangu aliazima kwa ile sehemu ya wazazi, juu baba ya mtoto alikuwa anamwambia hawakuoana kwa hivyo hana deni lake. Kumbe ndoa haihusiki kabisa, baba na mama wote wawili wanabeba jukumu sawa, wameoana hawajaoana. Alienda nayo kwa chifu. Ilirudi baada ya wiki mbili na hilo doa la mafuta na peji mbili hazipo, ameniambia ni mtoto alizirarua, na hizo mbili ndizo hasa zinazosema mambo ya baba, kwa hivyo mimi nina yangu kuhusu nani alizirarua na ziko wapi.

Kwa hivyo saa hii siazimishi. Mkitaka, ingieni River Road upande wa kuja Nyamakima, ulizeni spairo ya watoto, mhakikishe kava imeandikwa 2022, na msikubali zaidi ya 3 bob.